Saluni ya Chumba cha Mbele

"Andika mita tatu," alisema Anko Cedric, akilamba sukari kidoleni. "Mkia wa gauni langu, ule wa kuburuza chini. Mita tatu."

"Jana ulisema mbili."

"Jana nilikuwa na njaa."

Delmaine Jantjies alifuta mbili, akaandika tatu, halafu akaifuta na tatu yenyewe, akaacha pengo. Mapengo ya namna hiyo yalikuwa yamejaa kwenye kompyuta nzima. Alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Athlone, na kwa ajili ya Siku ya Urithi alikuwa anatengeneza mchezo wa kusaka hazina. Wanafunzi wa darasa la kumi wangezunguka District Six, pale chini ya mlima mjini Cape Town, wakitafuta vibandiko vya mraba. Ukikimulika kibandiko kwa simu, simu inakusimulia kisa na kukupa fumbo; ukilifumbua, unajua uende wapi. Na kisa chenyewe, tangu kibandiko cha kwanza hadi cha mwisho, kilikuwa historia ya mashoga na wasagaji wa mji huo, wanaume waliovaa magauni na wanawake waliovaa suruali na tai, zamani kabla mtu hajawatungia jina la heshima.

Cedric alikuwa amelisoma hilo jina la heshima kwenye ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa. "'Wapenzi wa jinsia moja na watu waliovuka jinsia.' Mtoto, hili jina ni refu kuliko treni ya Simon's Town. Sisi walituita moffie. Neno moja, na tuligeuka, kiuno kikitangulia."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, na jikoni mwa nyumba yao ya Hanover Park mlinukia iliki na ngozi ya chungwa. Mina, mama yake Delmaine na mdogo wake Cedric, alikuwa jikoni akikaanga koesister, maandazi ya viungo ambayo mtaa mzima huyangoja kila Jumapili. Alikuwa amewapa mgongo. Mgongo wa Mina ulikuwa na maneno mengi kuliko midomo ya watu wengine.

"Haya, kituo cha mwisho," Delmaine alisema. "Saluni."

Mwiko wa Mina ulisimama ndani ya mafuta.

Cedric alijiweka sawa kitini. Alikuwa amevuka sabini, nyusi zimechongwa bado, kidevu juu. "Chumba cha mbele, nyumbani kwa mama. Dirisha linatazama barabara, kioo ukutani, viti viwili, ndoo mbili za maji ya moto. Kila Jumamosi foleni ilifika duka la samaki. Kila kichwa kilichoinama kanisani Jumapili kilikuwa kimepita mikononi mwangu Jumamosi. Andika hilo."

"Mama," Delmaine aliuliza, "ndivyo ilivyokuwa?"

"Chumba cha mbele kilikuwa chumba cha mbele," Mina alisema bila kugeuka. "Kilikuwa na makochi."

"Makochi!" Cedric alipiga meza. "Yaliyokaliwa na nani, paka?"

"Sikumbuki mengi. Nilikuwa mdogo."

"Mdogo? Nilikutengeneza nywele za harusi yako mwenyewe, Mina! Ulilia kwa sababu nilikuvuta sikio!"

"Mafuta yanaungua," Mina alisema, akapunguza moto. Hakukuwa na kitu kilichokuwa kinaungua.

Delmaine aliacha pengo jingine.

Mwalimu mkuu, Bwana Vergotine, alikuwa hodari wa kukubali. Alikukubalia kila kitu mpaka ukatoka ofisini kwake mikono mitupu.

"Mwalimu Jantjies, mimi binafsi sina tatizo kabisa," alisema, akizungusha kalamu. "Katiba ni katiba. Hata binamu yangu mmoja ni, unaelewa."

"Ni shoga?"

"Ni mpambaji wa nyumba." Akakohoa. "Ila wazazi wamenipigia. Wanasema hii si historia, ni porojo za mzee mmoja. Na huyo mjomba wako, nisamehe, mitaa yote ya Cape Flats inamjua. Mimi mwenyewe aliniambia aliwahi kumsuka malkia."

"Hakusema malkia wa wapi."

"Unaona sasa? Basi tufanye hivi. Kila kituo kiwe na kitu cha kuonyesha, cha kushikika, na kama hakipo, mashahidi wawili. Wawili, mwalimu. Na mjomba wako, tumhesabu, lakini asiwe peke yake. Ijumaa ya wiki ijayo nipate majina."

"Kitu cha kushikika, Mwalimu Mkuu? District Six?" Delmaine alihisi sauti yake inapanda, akaishusha. "Serikali ya Makaburu ilihamisha watu wote, tingatinga zake zikabomoa kila nyumba. Hakuna hata ukuta wa kubandika kibandiko. Ni majani."

"Kuna kuta," Bwana Vergotine alisema, akifurahi kwamba ameisaidia elimu. "Makanisa hayakubomolewa."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomfanya Delmaine agongeshe paji la uso kwenye usukani alipofika kwenye gari. Wabomoaji wale waliogopa laana, wakaacha nyumba za ibada zimesimama peke yake katikati ya uwanja mtupu. Kwa hiyo alitumia wiki nzima, baada ya vipindi, kubisha milango ya makanisa. Padri mmoja alimpa chai, akakubali kibandiko kwa sharti kisiandikwe kinahusu nini. Mama mmoja mwenye funguo za kanisa jingine alimwangalia juu mpaka chini, akamwambia anaweza kubandika kwenye pipa la taka, nje ya geti, upande wa barabara. Delmaine alisema asante. Alipofika nyumbani ndipo alipojiuliza alikuwa anashukuru nini.

"Kwa hiyo historia ya moffie itasomwa kwenye kuta za makanisa yaliyotufukuza," Cedric alisema aliposikia. "Na ndizo kuta pekee zilizobaki. Mungu ni mtani, jamani."

Hata hivyo vituo vinne vilikamilika. Ukumbi wa dansi ulipata picha; mtu alikuwa nazo kwenye kopo la biskuti. Senema ilipata tiketi. Kona ambapo polisi walikuwa wakiwavua watu mawigi ilipata wazee wawili walioikumbuka vizuri mno, wakagombana nani alikamatwa zaidi. Njia ya kanivali ilipata mashahidi wa kumwaga, maana Cedric alikuwa ametangulia mbele ya kikundi cha ngoma miaka mingi, manyoya kichwani, kila siku ya pili ya mwaka mpya, na mji mzima ukimpigia makofi.

Kilibaki cha tano. Wanawake waliopanga foleni kwenye ile saluni walikuwa wamezikwa, au wako Australia kwa watoto wao na hawajibu ujumbe. Alibaki shahidi mmoja ambaye Cape Flats nzima ilijua hajawahi kusema uongo, shemasi wa kanisa lake, mtu ambaye hata uzito wake aliusema bila kupunguza. Na shahidi huyo alikuwa anasema makochi.

"Ukisema ndiyo tu, Mama. Neno moja. Nikuandike jina."

"Nimeshakwambia ninachokumbuka."

"Basi twende tukapatazame. Nijaribu mafumbo kabla watoto hawajaenda."

Mina alikubali kwenda, kwa sharti kwamba asiulizwe kitu.

Wakafika Jumamosi, upepo wa kusini-mashariki ukivuma kiasi cha kuinua sketi. Uwanja ulipanda kuelekea mlimani, majani yamefika magotini, mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba. Delmaine alitoa karatasi ya mafumbo aliyoyatunga mjomba wake, akasoma kwa sauti.

"'Ukifika kwa muuza mboga, pinda kulia.' Anko. Muuza mboga yupi?"

"Pale." Cedric alinyoosha kidole kwenye upepo.

"Pale hapana kitu."

"Sasa hivi hapana kitu. Pinda kulia."

Watu wote wa District Six ndivyo walivyokuwa. Muulize mmoja wao njia ya kwenda hospitali, leo hii, atakwambia pita senema, pinda kwa fundi viatu, wakati senema na fundi viatu vilikuwa vumbi kabla hujazaliwa. Ukimuuliza mwenzake, atakuelekeza hivyo hivyo, na wao wawili wataelewana na kufika. Watakaopotea ni nyinyi wengine. Delmaine alikuwa ametunga mchezo mzima kwa ramani hiyo, na ndiyo kwanza anaona kosa lake, karatasi ikimpigapiga mkononi.

"Duka la samaki lilikuwa mkono huu," Cedric alisema.

"Mkono huu, kaka," Mina alisema. Alikuwa amesahau kwamba hakuja kuulizwa. "Hapo umesimama bafuni kwa akina Galant."

"Akina Galant hawakuwa na bafu."

"La bati! Wakilining'iniza ukutani. Na wewe uliliazima ukachanganyia rangi nyekundu ya nywele, wakaoga wekundu wiki nzima!"

Cedric alicheka mpaka akashika magoti. Mina naye alicheka, mkono mdomoni, upepo ukimvuta kitambaa. Walipanda mteremko hivyo, wazee wawili wakigombea hewa, huyu akimwambia yule aangalie ngazi, yule akimwambia huyu apishe mlango wa watu, mpaka wakafika mahali ambapo mnara wa kanisa ulionekana umesimama katikati ya vilele viwili vya mlima. Cedric alisimama. Akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Hapa," alisema.

Gari lao lilikuwa ng'ambo ya hapo, moja kwa moja mbele. Mina alisema anakwenda kukaa, miguu inamuuma. Akaondoka. Lakini hakwenda moja kwa moja. Aligeuka kushoto, akatembea upande, bega moja limebanwa ndani kama mtu anayepita kichochoro chembamba, akapinda nyuma, akatokea upande wa pili. Hapakuwa na kitu pale ila majani.

"Mama," Delmaine aliita. "Mbona umezunguka?"

"Nimezunguka nini?"

"Nyumba. Umeizunguka nyumba nzima."

Mina alitazama miguu yake kama imemsengenya.

"Hicho ndicho kichochoro," Cedric alisema polepole. Hakuwa anacheka tena. "Mchungaji akija kututembelea, mama anakivisha kioo shuka. Viti vinakuwa makochi, eti. Na mimi natolewa nyuma, nipite hapo kwenye kichochoro, nisionekane mpaka amekunywa chai yake. Mina ndiye aliyekuwa anatumwa. 'Kaka, toka nyuma, anakuja.' Kisauti chembamba kama sindano."

"Nilitumwa na mama!" Mina alisema. "Ulitaka nimjibu nini mama yangu? Mkate wetu ulikuwa unapikwa kwa unga wa kanisa, Cedric. Baba alikuwa ameshafukuzwa kazi bandarini."

"Sijasema kitu."

"Umesema. Miaka yote unasema. Hata ukinyamaza unasema." Akamgeukia binti yake. "Na wewe unataka neno moja. Nikisema saluni ilikuwepo, mtoto wa kwanza mwenye akili ataniuliza, je, mwenye saluni alitokea mlango upi? Niwaambie nini? Mama amelala makaburini Maitland pale, hawezi kujibu."

"Sitauliza ya nyuma, Mama. Nataka ya mbele tu."

"Hakuna nyumba yenye mbele tu," Mina alisema, akafungua mlango wa gari, akakaa, akaufunga.

Ijumaa Delmaine alipeleka majina. Kwenye kituo cha tano aliandika jina moja.

"Ah," Bwana Vergotine alisema kwa huruma kubwa. "Inasikitisha. Basi tuweke vinne. Vinne vinatosha sana, mwalimu. Na mwisho wakusanyike kwenye bamba la ukumbusho wa ubomoaji, pale chini, wapige picha."

Alikwenda nyumbani akiwa ametunga namna tatu za kumwambia mjomba wake, na hakutumia hata moja, kwa sababu Cedric alimwona uso akajua.

"Kimeondolewa."

"Anko, nilijaribu. Mwakani labda."

"Mwakani." Cedric alikuwa anakula supu ya mbaazi. Akaweka kijiko. "Unajua kinachonishangaza? Siku ya pili ya mwaka mpya wananibeba. Akina mama wananishikisha watoto wao nipige nao picha. Siku ya tatu mtu huyo huyo anavuka barabara asipishane nami. Mara ya kwanza nilidhani hakuniona." Akamtazama dada yake, aliyekuwa anakata mkate. "Mbele ya watu wote wa mji naruhusiwa. Mbele ya nyumba yetu ndiyo kazi."

Mina alikata kipande kingine. Kilikuwa kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili.

"Na lile gauni," Delmaine alisema, akitafuta pa kushika. "Tutalitaja kwenye kituo cha ukumbi. Mita tatu, au tuseme nne."

"Halikuwa na mkia."

"Nini?"

"Lilikuwa pazia, mtoto. Pazia la mama, la chumba cha mbele. Liliishia kisiginoni. Futa."

Hapo ndipo Delmaine alipoogopa. Maisha yake yote amemsikia huyu mzee akidanganya, kuhusu meli, kuhusu malkia, kuhusu mbuni aliyempanda hadi mji wa Paarl, na hakujua kumbe ule uongo ndio uliokuwa umeshikilia paa. Siku zilizofuata Cedric aliamka, akanywa chai, akasema ndiyo na hapana. Aliulizwa hali akajibu hali yake. Hata nyusi aliacha kuzichonga.

Mkesha wa Siku ya Urithi Mina aliumua unga, na hiyo haikuwa Jumapili.

"Za nani?" Delmaine aliuliza.

"Za wanafunzi wako. Watoto watakimbia kutwa nzima tumbo tupu? Chakula hakina ubaya."

Siku yenyewe ilianza vibaya na ikaendelea kwa uaminifu.

Kibandiko cha kwanza kilikuwa kimebanduliwa na mtu wa usafi. Cha pili kilikuwa kwenye pipa la taka, na pipa lilikuwa limehamishwa. Kwenye kituo cha ukumbi kikundi kimoja kilifumbua fumbo, kikawatumia wengine jibu kwa simu, hivyo watoto sitini walifumbua kwa dakika moja bila kusoma neno. Mlinzi wa kanisa alitoka na fagio. Upepo ulimpiga Bwana Vergotine mpaka nywele zilizofunika upara zikasimama wima, na kila alipozilaza alimtazama Delmaine kana kwamba amezisimamisha yeye.

Cedric alikuja. Alikuwa amevaa koti la kijivu na viatu vyeusi, kama mtu anayekwenda kuchukua pensheni. Watoto walioahidiwa moffie wa kanivali walimtazama, wakarudi kwenye simu zao.

"Baada ya kituo cha nne," Delmaine alipaza sauti, "wote kwenye bamba la ukumbusho!"

Akaenda kusubiri kwenye bamba. Akasubiri. Upepo ukaleta karatasi. Hakuna mtoto aliyekuja.

"Mwalimu Jantjies," Bwana Vergotine alisema, ameshika nywele kwa mkono mmoja, "wanafunzi wako wapi?"

Delmaine alitazama juu mteremkoni. Watoto wote sitini walikuwa uwanjani, katikati ya majani, simu juu, wakizunguka kama kuku waliofunguliwa. Alikuwa ameondoa kituo cha tano. Kibandiko alikiondoa, kisa alikiondoa. Fumbo la kukifikia alikuwa amelisahau pale pale lilipokuwa, mwisho wa kituo cha nne, kwa maneno ya Cedric mwenyewe.

Walipanda mbio. Msichana mmoja, Tashreeqah, aliyekuwa na kipaza sauti kooni tangu kuzaliwa, alikuwa anawasomea wenzake: "'Panda kutoka duka la samaki, ingia kwa mlango wa mbele. Ukiingia kwa nyuma, hujafika.' Miss! Duka la samaki liko wapi? Hapa hakuna hata samaki!"

"Miss, huu ni mtego?"

"Miss, mimi nimekanyaga kinyesi!"

"Hili ni kosa langu," Delmaine alisema, akihema. "Kituo hiki kimefutwa. Hapakuwa na... Hakuna kitu hapa. Shukeni wote."

"Nilisema mimi," Bwana Vergotine aliueleza upepo. "Nilisema kabisa."

Watoto walianza kushuka, wakikata katikati ya majani kwa njia ya mkato, wakisukumana. Na hapo ikasikika sauti ambayo Delmaine aliijua tangu utotoni, ile ya kumtoa mtu kwenye meza kabla ya sala.

"Nyie! Mnapita ukutani kwa watu!"

Mina alikuwa amesimama juu kidogo, beseni la koesister kiunoni, kitambaa kimemtoka kichwani. Watoto waliganda. Tashreeqah alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Ukuta upi, Anti?"

"Huo uliopitisha bega. Rudi nyuma. Rudi! Wewe mrefu, toa mguu, hapo ni kitandani." Alishuka hatua chache, akasimama mahali ambapo mnara ulikaa katikati ya vilele. Beseni alilishusha chini. "Mlango uko huku. Mnaingia mmoja mmoja, na mnafuta miguu. Sakafu ilipigwa rangi jana."

Hakuna aliyecheka. Pengine ni uso wake. Mtoto wa kwanza alifuta viatu kwenye majani, akainua mguu kupanda kizingiti kisichokuwepo, akaingia. Wa pili akafuata. Kila aliyeingia alipewa koesister mkononi na kuelekezwa pa kusimama, kwamba usiegemee kioo, kwamba ndoo zina maji ya moto.

"Kulikuwa na nini humu, Anti?" Tashreeqah aliuliza, mdomo umejaa.

Delmaine, ambaye alikuwa bado nje, karibu kabisa na dirisha, aliona mama yake akimtafuta kaka yake kwa macho, chini mteremkoni.

"Saluni," Mina alisema. "Ya kaka yangu. Wanawake wa mtaa mzima walitengenezewa nywele hapa, na mimi nikiwemo. Alikuwa moffie, na alikuwa fundi kuliko wote. Mchungaji akija, mama alifunika kioo, na mimi nilikuwa namwambia kaka atoke nyuma." Akavuta pumzi. "Andikeni na hilo. Andikeni vizuri. Mkono wangu ndio uliofungua mlango wa nyuma."

Vidole sitini vilisimama juu ya simu. Bwana Vergotine alifungua mdomo, akakuta watoto wote wameingia na yeye ndiye aliyebaki barabarani.

Cedric alikuwa amepanda polepole nyuma ya watu, koti limejaa upepo. Hakumtazama mtu. Alipofika kwenye nyumba aligeuka kushoto, akabana bega, akaanza kupita kichochoroni.

"Kaka," Mina alisema. "Si huko."

Alisimama.

"Huku mbele. Watu wanasubiri."

Cedric alirudi. Alisimama mbele ya mlango muda mrefu kiasi kwamba mtoto mmoja alianza kucheka, akapigwa kiwiko. Kisha akafuta viatu kwenye majani, cha kulia, cha kushoto, tena cha kulia, akapanda kizingiti, akaingia. Watoto walimpisha njia hadi kwenye kioo. Akajitazama humo, akalowesha kidole kwa mate, akalaza nyusi.

"Ndiye yeye, Miss?" Tashreeqah aliuliza. "Wa lile gauni? Simu ilisema ana gauni, halafu ikaacha pengo. Lilikuwa na mkia wa mita ngapi?"

Delmaine alimtazama mjomba wake. Cedric alitazama viatu vyake. "Halikuwa na," alianza.

"Nane," Mina alisema.

Delmaine aligeuka. Mama yake, shemasi, alikuwa amesimama mlangoni wima kama siku ya kiapo, mikono imejaa sukari.

"Mita nane," Mina alirudia, akimkazia macho Bwana Vergotine. "Niliushika mimi mwisho wake. Nilikuwa bado nimesimama hapa mlangoni kwa mama, na yeye alikuwa ameshafika duka la samaki."

Delmaine alitoa simu mfukoni, akalitafuta pengo. Hakujua, na hatajua, kama ameandika historia au uongo wa kwanza wa mama yake. Lakini mashahidi walikuwa wawili.

"Tisa," Cedric alisema kutoka kwenye kioo.